Homa ya Nguruwe ya Afrika: Kwa Nini Kinga ya Mwili Hushindwa

Ugonjwa unapozuka, mfugaji wa Chunya mwenye nguruwe watano hushawishika kununua sindano yoyote anayoletewa mlangoni. Makala haya yanaeleza kwa nini fedha hiyo hupotea bure, na kwa nini mlaji wa kitimoto naye anahusika.

Mkoa wa Mbeya unaifahamu homa hii. Mwishoni mwa mwaka 2010 ilizuka Kyela, na kufikia 2012 ilikuwa imefika Dar es Salaam.

Katika maradhi mengi, chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Baadhi yake humeza vimelea na kuvisaga, kisha huziarifu chembe nyingine zinazotengeneza kingamwili. Virusi vya homa hii huingia ndani ya chembe zizo hizo za kumeza na kuzaliana humo, mithili ya jambazi aliyeweka maskani katika kituo cha polisi. Chembe zilizovamiwa humwaga kemikali za kuuamsha mwili kupita kiasi: joto hupanda, mishipa ya damu huvuja, na chembe nyingine za kinga, hata zisizoguswa na virusi, hufa kwa wingi. Wekundu unaoonekana masikioni na tumboni hutokana na vurugu hiyo. Nguruwe wengi hufa ndani ya wiki moja au mbili. Wachache wanaopona huwa na kingamwili, lakini hizo hazivizuii virusi kikamilifu, na mnyama aliyepona anaweza kuendelea kuvibeba.

Ajabu ni kwamba ngiri wa porini, anayeambukizwa na kupe laini wa mashimoni, hubeba virusi hivyo hivyo bila kuugua.

Kwa hiyo muuzaji anayedai kuwa na tiba anadanganya. Antibiotiki huua bakteria, si virusi. Chanjo ni kazi ngumu kwa sababu tuliyoieleza. Vietnam iliruhusu chanjo zake kuuzwa mwaka 2023, lakini hapa nchini hakuna iliyosajiliwa.

Binadamu haambukizwi homa hii. Hata hivyo, nguruwe aliyedungwa antibiotiki asubuhi na kuchinjwa jioni humfikia mlaji akiwa na mabaki ya dawa, na hilo tunaliona kuwa hatari isiyozungumzwa vya kutosha. Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Virusi hudumu miezi mingi katika nyama iliyogandishwa, hivyo usiwatupie nguruwe mifupa wala makombo ya kitimoto. Ukilazimika, yachemshe kwa nusu saa nzima.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama kutoa taarifa ya ugonjwa. Mwone afisa mifugo wa kata yako kabla ya kuchinja, kuuza au kuhamisha nguruwe yeyote. Sampuli hupimwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye kituo mjini Iringa.