Mgeni Apewe Jembe: Klabu za Vinyoya Japani na Somo Lake kwa Thika na Ruiru

Kati ya Ruiru na Thika, kabla msafiri hajafika kwenye maporomoko ya Mto Chania, iko taasisi iliyoifanya Japani isiwe nchi ya mbali kwa wakazi wa eneo hili. Mapema mwaka 1978 Mzee Jomo Kenyatta alitoa hekta 200 za ardhi ya kilimo kule Juja, na kwa msaada wa serikali ya Japani kikajengwa chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981. Mwaka 1994 chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili, nacho ndicho JKUAT tunachokijua leo. Wataalamu wa Kijapani wamefanya kazi hapo, na vijana wetu nao wamekwenda Japani kusoma, wengine kwa ufadhili wa Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, wengine kwa mpango wa ABE uliotangazwa Yokohama mwaka 2013 kwa ajili ya vijana wa Afrika. Anayejiandaa kwa safari hiyo huulizia viza, baridi, chakula na lugha. Ni nadra kumsikia akiuliza atakavyoingia katika jamii ya watu atakaoishi nao miaka miwili au mitatu. Mimi nasema njia iliyo bora kwa mtu wa kawaida ni klabu ndogo ya michezo ya mtaani, na kwamba mchezo wa vinyoya, yaani badminton, unafaa kwa kazi hiyo kuliko michezo mingi. Sababu inayozifanya klabu hizo zifae inatuhusu hata sisi ambao hatuna safari.

Klabu ninazozizungumzia hazina jengo, baa wala mlinzi langoni. Kila moja ni kundi la watu waliojiandikisha kwenye ofisi ya ukumbi wa michezo wa manispaa ili wapate zamu ya uwanja jioni moja au mbili kwa wiki. Nyingine hutumia ukumbi wa shule ya msingi baada ya saa za masomo, na hilo halikuja kwa bahati. Sheria ya kukuza michezo ya mwaka 1961, miaka mitatu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, ilizitaka shule za umma zijitahidi kuwafungulia wananchi viwanja na kumbi zao mradi masomo yasivurugike. Sheria mpya ya michezo ya mwaka 2011 ikaudumisha wajibu huo. Kwa hiyo hata katika mji mdogo si vigumu kupata ukumbi wenye sakafu ya mbao, mistari iliyokwisha kuchorwa, na nguzo na nyavu stoo. Kwa kuwa klabu haijengi chochote, gharama ni ndogo: mara nyingi ni mchango wa yen elfu chache kwa mwezi, ada ya bima ya kuumia michezoni, raketi, na viatu visivyokanyaga nje. Orodha ya klabu hupatikana kwenye ofisi ya ukumbi, kwenye jarida la manispaa, au kwa shirika la mahusiano ya kimataifa ambalo miji mingi inalo. Wajapani huviita vikundi hivi saakuru, na anayevitaja kwa jina hilo huelekezwa haraka. Mgeni huomba kwanza kuja kutazama, au kucheza jioni moja kwa majaribio, kabla ya kutoa fedha yoyote.

Jioni yenyewe huenda hivi. Watu huvua viatu mlangoni, wakavaa vya ndani na kusalimu kila aliyemo. Wawili wawili hubeba nguzo kutoka stoo, wakazifunga wavu na kuuvuta hadi katikati yake isimame mita moja na nusu na kidogo juu ya sakafu. Mwingine hufungua kopo la vinyoya, kila kimoja kina manyoya 16 ya bata na uzito wa takriban gramu tano, akavitenga vipya na vilivyochakaa ili vya kupashia mwili moto visiwe vile vya mchezo wenyewe. Kwenye ubao mdogo hupangwa majina, na majina hayo ndiyo yanayoamua nani acheze na nani. Muda ukiisha, nyavu hukunjwa, nguzo hurudishwa, na wachezaji hushika mafagio mapana wakasukuma vumbi kutoka ukuta hadi ukuta, hata yule aliyeshinda mechi zote na hata mzee aliyeanzisha kundi. Hakuna mfanyakazi wa kuwaandalia uwanja wala wa kuwasafishia. Ndiyo maana mgeni naye hushikishwa ncha moja ya wavu jioni ileile ya kwanza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ubora wa klabu hizi ni kwamba hazingojei siku ya tatu. Mgeni nchini Japani hupewa heshima nyingi, na heshima hiyo ina upande wake mgumu. Chuoni husamehewa kazi asizozijua, ofisini hutafutiwa mtu wa kumwandikia fomu, madukani husifiwa kwa neno moja la Kijapani alilolitamka. Ni wema wa kweli, lakini mtu anayesamehewa kila kitu hubaki mgeni hata akikaa miaka kumi. Anayepewa kazi na kutegemewa ameanza kuhesabiwa kuwa mwenyeji. Kanuni nyingi za ukumbini, za viatu, za kuwahi, za kusalimu, za kufagia, humtisha mtu anayezitazama kwa mbali, na wengi huziona kama ukuta. Akizitenda atagundua kwamba zimeandikwa mwilini kuliko vitabuni, na anaweza kuzifuata kikamilifu kabla hajajua kuunga sentensi. Katika chumba cha mikutano lugha yake ingemweka nyuma ya wote, lakini kwenye kubeba nguzo yuko sawa na wote.

Mchezo wenyewe nao unasaidia. Klabu za mtaani hucheza zaidi wawili kwa wawili, na jozi hubadilishwa baada ya kila mechi. Kwa hiyo katika saa mbili mgeni huwa amesimama upande mmoja na watu sita au saba tofauti, pengine mama mwenye miaka sitini na kijana wa sekondari. Kwenye mpira wa miguu anaweza kusimama pembeni dakika tisini asiguswe na mpira wala neno. Kwenye vinyoya mwenzake lazima amwambie “wako” au “wangu”, amsifu au amwombe radhi. Maneno hayo ni machache, lakini hurudiwa mara nyingi mno kwa jioni moja, nayo hujengwa juu ya mipigo ya mchezo ambayo kila mtu anaiona. Lugha ya namna hiyo haisahauliki upesi.

Wapo Wakenya waliotangulia kuingia Japani kwa njia ya michezo. Douglas Wakiihuri alikwenda mwaka 1983 kufunzwa na Kiyoshi Nakamura, akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Roma mwaka 1987 na medali ya fedha Seoul mwaka 1988. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alipelekwa shule ya sekondari mjini Sendai mwaka 2002 akiwa kijana mdogo, na mwaka 2008 akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika marathoni. Katika vinyoya vyenyewe, timu ya taifa ya Japani iliongozwa kwa takriban miaka ishirini tangu mwaka 2004 na kocha mgeni, Park Joo-bong wa Korea Kusini, na chini yake ikatwaa Kombe la Thomas mwaka 2014 na dhahabu ya wanawake wawili wawili Rio mwaka 2016. Msomaji atasema mifano hii ni ya watu wenye vipaji, na mwenye kipaji hukaribishwa popote. Ni kweli. Basi na tuitumie kwa kile tu inachothibitisha, kwamba michezo ya Japani haijamfungia mgeni mlango kwa kuwa ni mgeni. Klabu ya mtaani haitafuti kipaji. Inamhitaji mtu atakayefika siku aliyosema atafika, kwa sababu asipofika watu watatu hawana mechi.

Pingamizi zito zaidi ni la ubaguzi, na halifai kufunikwa. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 39 ya wageni waliotafuta nyumba ya kupanga katika miaka mitano iliyotangulia walikuwa wamewahi kukataliwa kwa sababu ya kuwa wageni. Nchi yenye takwimu hiyo haiwezi kusemwa kuwa imefungua milango yote, na zipo klabu zitakazojibu kwamba zimejaa, au kwamba hakuna atakayeweza kueleza kanuni kwa Kiingereza. Lakini mwenye nyumba na klabu hawana hofu moja. Mwenye nyumba humpima mtu asiyemjua kwa mkataba wa miaka, ilhali klabu humpima kwa jioni moja ya majaribio, macho kwa macho. Mahitaji pia yamebadilika. Zaidi ya robo ya Wajapani wamepita umri wa miaka 65, na wageni wakazi walivuka milioni tatu mwaka 2022. Kumbi nyingi hudai kwamba sehemu kubwa ya wanachama wa kundi wawe wakazi wa manispaa au wafanye kazi humo, na tangu Julai 2012 mgeni mwenye kibali cha kukaa huandikwa katika daftari lilelile la wakazi. Kwa kundi linalopungukiwa watu, jina lake ni jina kamili. Akikataliwa na klabu ya kwanza aulize ya pili, na aseme mapema kiwango chake cha mchezo, maana mara nyingine anayekataliwa amegonga mlango wa kundi la mashindano ilhali yeye ni mwanafunzi wa raketi.

Wengine husema urafiki wa ukumbini huishia ukumbini, kwamba mtu anaweza kucheza mwaka mzima asialikwe hata chai nyumbani kwa mwenzake. Huenda ikawa hivyo. Lakini tunapoufanya mwaliko wa nyumbani kuwa kipimo cha pekee, tunaipima jamii nyingine kwa kibaba chetu. Kwa wakazi wengi wa miji ya Japani, wenye nyumba ndogo na kazi ndefu, ukumbi ndio sebule, na anayekosekana wiki mbili huulizwa ana nini. Kuhusu muda, kweli mwanafunzi wa maabara huchoka, lakini saa mbili kwa wiki ni kidogo kuliko anazopoteza peke yake chumbani. Kuhusu kukaa na Wakenya wenzake na kusali nao, asiache kamwe, kwani huko ndiko anakofarijiwa. Ila wenzake hao hawawezi kumfundisha siku ya kutupa takataka, daktari wa kumwendea, wala namna ya kuzungumza na jirani aliyekasirika, kwa kuwa nao wanatafuta yaleyale.

Sasa tugeuke tujitazame. Klabu za michezo nchini Kenya zilianza kwa msingi mwingine. Klabu za walowezi, kama ile ya Muthaiga ya mwaka 1913, ziliwafungia nje Waafrika na Wahindi. Wahindi wakajenga jimkhana na kumbi zao, na kwa miaka mingi vinyoya vilichezwa zaidi humo. Ubaguzi wa rangi umeondolewa, lakini utaratibu wa klabu za wanachama ungali na sura ya zamani: atakaye kujiunga hutafuta mwanachama wa kumpendekeza na mwingine wa kumuunga mkono, kisha hulipa kiingilio. Thika na Ruiru zina klabu zenye viwanja vizuri vya gofu, na si kosa kwa watu kujumuika kwa gharama yao wenyewe. Lakini mlango unaofunguliwa kwa ada na kwa kujuana hauwezi kumfaa asiyemjua mtu.

Na wageni tunao. Tangu mwaka 2012 JKUAT imekuwa mwenyeji wa taasisi ya Pan African University ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayoleta wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka pembe zote za bara, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika kina wanafunzi wa mataifa jirani. Wengi wao humaliza masomo wakiwa wameijua njia ya chuoni na sokoni tu. Sheria ya kuwasaidia ipo. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaipa bodi ya usimamizi ya shule jukumu la kuruhusu jamii itumie majengo ya shule kwa masharti ya haki, na Katiba ya 2010 imeweka vifaa vya michezo mikononi mwa kaunti. Atakayesema hatuna fedha za kumbi za Kijapani ana haki, lakini ukumbi si lazima uwe wa Kijapani. Atakayesema vifaa vitaibwa pia ana haki, na jibu lake ni daftari la zamu lenye jina la aliyefungua na aliyefunga.

Kwa hiyo ushauri wangu una pande mbili. Kijana wa Juja anayefunga mizigo kwenda Japani atie raketi na viatu safi, na wiki ya kwanza aende ofisi ya ukumbi wa manispaa kuuliza saakuru ya vinyoya iliyo karibu. Nasi tuliobaki tuziombe bodi za shule, iwe Chania Boys, Chania Girls au shule ya msingi ya mtaani yenye ukumbi, jioni mbili kwa wiki, chaki ya kuchora mistari ya uwanja wa mita 13.4 kwa 6.1, na wavu mmoja. Kisha tuandike kanuni moja juu ya nyingine zote, kwamba kila mchezaji, mwenyeji kwa mgeni, hufunga wavu na hufagia. Kiingilio cha namna hiyo mwanafunzi wa Kongo anaweza kukilipa sawasawa na mtoto wa Thika.