Fulana chapchap, ada mpaka kesho!

Msomaji wangu, huu Mji Kasoro Bahari una kipaji chake: kuchukua kitu cha ng'ambo na kukifanya cha kwetu. Marehemu Salum Abdallah aliyachukua mahadhi ya Kyuba, akaja na Cuban Marimba, watu wakalisakata hapahapa Morogoro utadhani Havana iko nyuma ya mlima Lupanga. Jina la mbali, utamu wa nyumbani.

Ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza tawi letu la wauguzi linaendeshwaje, maana nalo asili yake ni mbali. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilianzishwa mwaka 1899, na makao yake yako Geneva, Uswisi. Muuguzi wa Matombo hapeleki jina lake huko. Anajiunga na Chama cha Wauguzi Tanzania, TANNA, nacho ndicho mwanachama kule, pamoja na vyama vya nchi nyingine zaidi ya 100. Sisi wa tawi ndio ngazi ya chini kabisa.

Kujiandikisha si kazi. Kazi ni maswali! La kwanza: "Dada katibu, TUGHE si tupo? Hiki kingine cha nini, kutukata hela tu?" Nikawaeleza: TUGHE ni chama cha wafanyakazi, kinapigania mshahara na haki kazini, tena wamo hata wasio wauguzi. Hiki ni cha taaluma. Kinauliza, huyo aliyeshika sindano anajua anachofanya? Wengine wakachanganya na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hilo ni chombo cha kisheria, ndilo linalotoa leseni. Chama ni chetu wenyewe. Kikilala, tumelala sisi.

Basi, tukachagua viongozi. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mei 12, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, ni Siku ya Wauguzi Duniani. Bwana wee, hela ya fulana na pilau ilipatikana kwa siku tatu! Ada je? Miezi mitatu mtu anakupita korido kajibandika simu sikioni, na simu yenyewe imezimwa.

Mara mweka hazina akapata uhamisho, daftari likaondoka naye. Hakula hata shilingi, ila wiki nzima hatukujua nani kalipa na nani bado. Minong'ono ikaanza: "Hela zetu zimeliwa!" Tangu hapo tuna madaftari mawili, kila anayelipa anapewa risiti, na hesabu inabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi. Minong'ono ikafa.

Lakini ada bado zilisuasua. Dawa ilitoka mlimani. Kikaoni akasimama binti mmoja aliyepangiwa zahanati huko juu Uluguru. "Dada zangu, kaka zangu, shikamooni," akaanza. "Ninyi wa mjini mtoto akizaliwa halii, mnaita daktari. Mimi namwita nani? Masika barabara haipitiki, tupo mimi, mama na tochi ya simu. Ada yangu inanifanyia nini?"

Ukumbi kimya. Nani angembishia? Mtoto asipopumua, dakika ya kwanza ndiyo ya kumwokoa: mkaushe, msugue mgongo, akigoma mpulizie hewa kwa mfuko na barakoa yake. Mkono usiozoea, dakika inakwisha ukitafuta vifaa.

Tukapiga kura: mwaka ule hakuna fulana! Hela ikawa nauli. Sasa kila miezi mitatu wawili wetu wanapanda na mwanasesere wa mafunzo, mara Mgeta, mara Matombo. Wauguzi wa zahanati za jirani wanakuja hapo kujinoa, kila mmoja kwa zamu yake, saa mkononi. Wa mjini nasi tunarudi na adabu, maana yule wa mlimani anafanya peke yake kazi ambayo hospitali tunagawana wanne.

Na ada? Zinaingia. Wa kwanza kulipa ni wale wa milimani, wanatuma kwa simu kabla ya tarehe. Binti yule naye kachaguliwa katibu msaidizi, na agenda ya kwanza aliyoleta ni pea nyingine ya mfuko na barakoa kwa zahanati ya jirani yake. Imepita bila kupingwa.

Wewe kijana unayetaka kufungua tawi la chama cha taaluma yako, uwe mhasibu, mhandisi au mwalimu, usianze na nembo wala mhuri. Mtafute kwanza mwenzako aliye mbali kuliko wote, umwambie ada yake itamfanyia nini. Ukikosa jibu, ndugu yangu, hufungui tawi. Unafungua kamati ya pilau.