Kimpira cha upepo cha loki ya difu, na kwa nini tulikibadilisha

Ijumaa moja ya mwezi wa Februari mjukuu wangu alituchukua kutoka Doha kwenda Sealine kwa Patrol yake, ile ya zamani yenye ekseli nzima mbele na nyuma ambayo vijana wa huku Ghuba hawataki kuiacha. Tulikuwa watu wazima wanne, watoto watatu, birika la chai na sufuria la biriani lililofungwa taulo. Matuta ya mwanzo tuliyapita salama. Upande wa kwenda Khor Al Adaid, jua limeshaanza kushuka, gari likazama kwenye bonde la mchanga baina ya matuta mawili.

Mjukuu akabonyeza swichi ya loki ya difu ya nyuma. Taa ikawaka, kompresa ikaanza kunguruma, na haikunyamaza tena. Gurudumu la kushoto likawa linachimba peke yake, la kulia limesimama kama halihusiki.

"Babu, loki imekataa," akaniambia.

Niliposhuka nikasikia chini ya gari upepo unatoka, fyuuu, kama tairi iliyotobolewa na msumari. Simu hazikushika. Maji ya kunywa yalikuwa chupa mbili na watoto wameshaanza kuyaulizia. Tulichimba kwa koleo na kwa sinia la biriani mpaka baada ya magharibi, ndipo akatokea bwana mmoja wa Kiqatari na Land Cruiser yake, akatuvuta kwa kamba. Chai tuliyomkaribisha hakuinywa, alisema ana wengine wa kuwavuta.

Kesho yake tuliliinua gari kwa jeki. Loki yenyewe, kitu cha fedha nyingi, ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kimpira chembamba cha nailoni kinachopeleka upepo. Gereji iliyoifunga loki ilikipitisha jirani na bomba la ekzosi, kikalainika kwa joto, kikatoboka. Gereji siitaji, na mpira siulaumu. Nailoni ni nailoni, haikuumbwa ikae ubavuni mwa ekzosi.

Nimeandika haya kwa sababu magari ya namna hii yamejaa katika familia zetu, toka Doha mpaka Maskati na Abu Dhabi, na wenye nayo wengi hawajui kilichomo chini. Mimi si fundi. Nilikuwa karani wa stoo ya vipuri, na nati na viungo nimevihesabu kwa miaka mingi kuliko umri wa mjukuu wangu.

Difu huruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na bila difu tairi zingeburuzwa. Lakini uhuru huohuo mchangani ni balaa, maana nguvu hukimbilia gurudumu lililo jepesi, likazunguka bure, na mwenzake akakaa. Loki huyafunga mawili hayo yaende pamoja. Zipo za umeme, na zipo za upepo. Ya upepo inayojulikana zaidi ni ya ARB ya Australia, kampuni iliyoanza Melbourne mwaka 1975 na ambayo mwaka 1987 ilichukua uvumbuzi huu kutoka kwa Mwaustralia mwingine, Roberts.

Upepo husafiri hivi. Kompresa ndogo ya volti 12 husukuma hewa mpaka karibu psi 100, baadhi ya mashine zaidi ya hapo. Ukibonyeza swichi, valvu ya umeme hufunguka, hewa ikateremka kwa kimpira mpaka kwenye ekseli, ikaingia ndani ya difu kwa kijibomba cha shaba, ikapita kwenye ringi za mpira zinazozuia isivuje, ikasukuma pistoni, na loki ikashika. Ukizima swichi, hewa hutolewa kwenye valvu na springi hurudisha kila kitu mahali pake. Pistoni haihitaji hewa nyingi, inahitaji hewa isiyopotea. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuwaacha jangwani.

Kimpira cha kawaida ni cha nailoni, kipenyo cha nje milimita 5. Shinikizo hakikishindi. Kinachokishinda ni joto, jua, kokoto, na kusuguana na chuma. Kwa joto la Doha la Julai, chini ya boneti, pembeni mwa injini, hukauka na kuwa kigumu, ukikikunja kinapasuka.

Tulichoweka badala yake ni mpira wa tefloni uliosukiwa nje nyaya za chuma kisichoshika kutu. Tefloni ni ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha yai, nayo huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi. Lakini nyaya zile zina hila yake: ni kama msasa. Zikilala juu ya waya wa umeme au mpira wa breki, kila gari linapotikisika zinakata, na utakuwa umeponya loki ukaua breki. Kila mahali unapogusa kitu tuliuvalisha ala ya plastiki na kuufunga usicheze, na kutoka kwenye ekzosi tuliuweka mbali shibiri nzima.

Urefu nao una mtego. Ekseli ya nyuma hushuka na kupanda, chesisi haifuati. Ukipima mpira gari limekaa chini, siku gurudumu litakaponing'inia juu ya tuta mpira utavutwa na kung'oka. Inua gari kwa chesisi, iache ekseli ining'inie mpaka mwisho wake, ndipo upime, na bado uongeze kidogo.

Sasa nije kwenye jambo langu mimi karani, yaani hesi. Viungo vidogo vya inchi moja ya nane vipo vya aina mbili, hesi ya Kiingereza na hesi ya Kimarekani. Ukivishika mkononi ni pacha. Ya Kiingereza ina meno 28 kwa inchi, ya Kimarekani 27, na pembe za meno hazilingani. Ukivichanganya vitaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa, kisha vikaze, na fundi atadhani kazi imekwisha, kumbe anaharibu hesi na upepo utavuja tu. Pale Sanaiya tulipewa viungo vinne ndani ya mfuko mmoja, viwili vya aina hii na viwili vya ile. Muuzaji aliniona mzee msumbufu. Nikavirudisha vyote na kungoja mpaka akaleta vya jamii moja. Jambo jingine: kiungo kinachoziba kwa mdomo uliopanuliwa, chuma kwa chuma, hakitaki tepu nyeupe ya mafundi bomba. Tepu ikikatika ndani, kipande chake huenda kukwama kwenye valvu.

Kujua kama kazi imefaa hakuhitaji mashine. Gari limesimama, washa kompresa, ifunge loki, ngoja inyamaze, kisha tazama saa. Mapadri walionisomesha hawakukubali jibu lisilo na hesabu yake pembeni, kwa hiyo mpaka leo nina daftari. Baada ya kufunga mpira mpya, kompresa iliwaka tena baada ya dakika 4. Tukapaka maji ya sabuni kila kiungo, na kwenye valvu povu likapanda. Tukakaza, tukaanza upya. Safari hii nilikunywa vikombe viwili vya chai, nikasoma gazeti, na kompresa kimya.

Povu lisipoonekana popote nje na kompresa inawaka kila mara, sikiliza kwenye kipumulio cha difu. Hewa ikitoka hapo, ringi za ndani zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa difu, mpira mpya hautasaidia. Usiiache. Hewa inayojaa ndani ya difu, kipumulio kikiwa kimezibwa na mchanga, husukuma mafuta kupitia sili za ekseli mpaka kwenye breki. Na kwa wanaopenda kupita ukingoni mwa maji, kipumulio kipandishwe juu kwa mpira wake, kwa sababu difu yenye moto ikiingia majini hupoa ghafla na kunyonya maji, na mafuta yakageuka rangi ya chai ya maziwa.

Loki yenyewe haiondoi haja ya kupunguza upepo wa tairi. Sisi hushusha mpaka psi 15 kabla ya kuacha lami, na mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Loki ifunge kabla ya kuzama, gari likienda taratibu, si magurudumu yakiwa yanazunguka kwa kasi. Kwenye ubavu wa tuta izime, maana magurudumu yote mawili yakiteleza pamoja gari hushuka upande kama sleji. Ukirudi lami, izime kabla ya kona ya kwanza.

Mpira wa nyaya hauungiki mchangani ukikatika. Kwa hiyo ndani ya dashibodi ya mjukuu nimeweka mita tatu za nailoni ya zamani, viungo vyake viwili, wembe na chupa ndogo ya maji ya sabuni. Maji ya kunywa sasa ni katoni mbili, na hizo anazihesabu bibi yake.