BOILA NDOGO NAYO NI BOILA



Huko Kansanga, karibu na barabara iendayo Ggaba, anakaa mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli. Aliingia karakana akiwa kijana mwanagenzi katika miaka ya mwisho ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Hivi karibuni mwanawe anayefanya kazi ng'ambo alimletea zawadi: sanduku lenye vipande vya injini ndogo ya garimoshi la mvuke, ya kuunganishwa kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na magurudumu, fremu, silinda mbili, na boila iliyokwisha kutengenezwa, ambayo urefu wake haufiki futi moja.

Wajukuu na watoto wa majirani walijaa barazani. Injini ilipokwisha kuunganishwa walitaka moto uwashwe siku ile ile. Mzee akakataa.

"Boila hii haina cheti wala haina muhuri," alisema. "Hatuwashi."

"Lakini Jjajja, hiki ni kichezeo tu!"

"Mvuke haujui kichezeo," akajibu.

Wapo watakaosema kwamba mzee alizidisha woga. Sisi tunasema alifanya kazi ya fundi, na sababu zake zafaa kujulikana na kila mfanyakazi anayekaa karibu na boila, iwe ndogo au kubwa.

NGUVU ILIYOFUNGIWA

Maji yakichemka katika sufuria iliyo wazi hugeuka mvuke na kuchukua nafasi kubwa mara 1,600 au zaidi kuliko yalivyokuwa. Katika boila mvuke huo hauna pa kwenda, hivyo husukuma kila upande. Boila ya yule mzee imeandikwa kufanya kazi kwa bar 3, yaani kama kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba. Bamba lake la mbele lina upana wa sentimita 6, sawa na mdomo wa bilauri. Ukipiga hesabu utaona kwamba bamba hilo dogo linasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 80. Ni kama mtu mzima amesimama juu yake, na kinachomzuia asianguke ni lehemu peke yake.

Aidha, maji yaliyo chini ya nguvu hiyo huwa na joto la nyuzi 143 hivi. Boila ikipasuka, maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla, na mtoto aliyeinama kutazama huunguzwa uso na macho.

Injini kubwa zilizovuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi zilifuata kanuni hizo hizo. Garratt za daraja la 59, ambazo ziliundwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja. Mvuke wake ulisukuma kwa zaidi ya kilo 15 kwa kila sentimita ya mraba. Hakuna dereva aliyeziendesha bila kutazama kioo cha maji.

KIPIMO CHA MAJI BARIDI

Mzee aliijaza boila yake maji baridi mpaka juu, bila kuacha hewa ndani. Akaziba matundu yote, akafunga pampu ya mkono na geji anayoiamini, kisha akaanza kupandisha nguvu polepole. Desturi ya mafundi wa injini ndogo huko Uingereza na Australia ni kwamba boila mpya ipimwe kwa maji mpaka mara mbili ya nguvu yake ya kazi. Kwa hiyo boila ya bar 3 ilipaswa kuvumilia bar 6.

Maji baridi hutumika kwa sababu hayashindiliki. Bamba likiachia, tone hutoka na nguvu hushuka papo hapo. Hewa si hivyo: hushindilika kama springi, na chombo kikipasuka, vipande huruka. Kwa hiyo usipime boila kwa kompresa hata siku moja.

Geji ilipofika bar 4, tone la kwanza likatoka kwenye kiungo cha bamba la mbele, kisha la pili. Mzee akaachia maji, akakwaruza kiungo kwa ncha ya kisu. Lehemu ikakwaruzika kwa urahisi, laini na ya kijivu. Ilikuwa lehemu ya bati na risasi, ambayo huyeyuka penye nyuzi 183 hivi. Boila ya kazi hiyo ilitakiwa kuunganishwa kwa lehemu ya fedha, ambayo haiyeyuki mpaka zipite nyuzi 600. Maji yangepungua kidogo tu, moto ungekifikia kiungo kile na kukiyeyusha.

Wala hakuweza kukiziba juu kwa juu, kwa kuwa risasi iliyobaki huiharibu lehemu ya fedha. Boila ile imewekwa kando, na mzee anatengeneza nyingine kwa bomba la shaba nyekundu. Kwa sasa watoto wanaitazama injini ikienda kwa hewa kidogo inayopelekwa moja kwa moja kwenye silinda, bila moto.

WALIOSAHAU MAJI

Tarehe 16 Juni 1995, huko Gettysburg, Marekani, maji yalipungua katika injini ya garimoshi la watalii. Bamba la juu ya tanuri likalegea, na wafanyakazi watatu wakaungua. Wachunguzi waliona kwamba namna bamba lile lilivyofungwa lilifanya liachie hatua kwa hatua badala ya kupasuka mara moja. Uundaji mzuri wa zamani uliokoa maisha siku ambayo utunzaji ulikuwa mbaya.

Tarehe 29 Julai 2001, huko Medina, katika jimbo la Ohio, trekta ya mvuke iliyoundwa mwaka 1918 ililipuka kwenye uwanja wa maonyesho. Watu watano walikufa. Ilikuwa mashine ya watu waliopenda mambo ya kale, wala haikuwa ya kiwanda. Mabamba yake yalikuwa yameliwa na miaka.

YA KUTAZAMA

Mwenye kununua au kuletewa injini ndogo ya mvuke na atazame haya:

1. Cheti cha kipimo, na namba yake ilingane na namba iliyogongwa kwenye boila.
2. Shaba nyekundu na lehemu ya fedha. Shaba ya manjano hudhoofishwa na maji na joto kadiri miaka inavyokwenda.
3. Valvu ya usalama inayofunguka yenyewe. Asiikaze wala kuifunga mtu yeyote ili kuongeza nguvu.
4. Geji ya mvuke inayosema kweli, na njia ya kujua kiasi cha maji.
5. Moto uzimwe kabla maji hayajaisha, na gesi isijazwe karibu na moto.

NA HUKO KAZINI?

Boila zipo katika hospitali, katika nyumba za kufulia na katika viwanda vya vinywaji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inazitaja boila miongoni mwa vyombo vinavyopaswa kukaguliwa. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kukiona cheti cha boila wanayokaa nayo zamu nzima? Ni wangapi wamemwona msimamizi akiikaza valvu ili kazi iende haraka, wakanyamaza?

Mzee wa Kansanga hakuwa na tajiri wa kumwogopa, wala hesabu ya uzalishaji ya kukimbizana nayo. Hata hivyo aliwanyima wajukuu furaha ya siku moja, naye hajutii. Sisi wenye chama tuna haki ya kuuliza swali lile lile, tena kwa sauti moja: cheti kiko wapi, na boila hii ilipimwa lini?

Ulizeni kabla moto haujawashwa.