Mtoto mwenye usonji: tuanzie wapi hapa Nakivale?

Mwezi huu tunaongea juu ya watoto ambao tunajua wapo, lakini hatuwaoni. Wageni wakipiga hodi, mtoto anaingizwa chumba cha ndani. Siku ya ibada anaachwa nyumbani na dada yake. Ukiuliza unajibiwa, "Huyu anachelewa tu kusema, atasema." Na mtoto amefika miaka mitano.

Si kila mtoto wa namna hiyo ana usonji. Lakini wengine wanao, na familia zao hazijui kwamba hali hiyo ina jina. Waliosoma Kifaransa wanaiita otizimu. Ni hali ya ubongo unaokua kwa namna tofauti tangu mapema, ndiyo sababu mtoto anaona shida kuwasiliana na watu, na anapenda mambo yaende vile vile kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Makazi yetu yamepita watu laki moja na nusu. Pigeni hesabu wenyewe, mtaona kwamba si jambo la nyumba moja.

Hapa kwetu kuna kitu kinachofanya usonji usitambulike haraka, nacho ni lugha. Mtoto anasikia Kinyabwisha kwa mama, Kiswahili uwanjani, Kinyankole sokoni, Kiingereza shuleni. Asiposema, tunasema lugha zimemchanganya. Wengine wanasema ni vita, ni ile njia tuliyopita. Basi miaka inakwenda. Ukweli ni kwamba lugha nyingi hazileti usonji, na hakuna haja ya kuacha kumsemesha mtoto lugha yako ya nyumbani eti ajifunze Kiingereza kwanza. Msemeshe ile unayoijua vizuri.

Kwa hiyo usiangalie maneno peke yake. Angalia mambo yasiyohitaji lugha yoyote. Ukimwita jina, anageuka? Akitaka ndizi iliyo juu, anakuonyesha kwa kidole, au anakushika mkono kama chombo na kuupeleka pale? Akiona ndege anakutazama ili nawe uione? Anacheza kujifanya anapika, au anazungusha tu kifuniko cha jerikani saa nzima? Anaziba masikio mvua ikipiga bati? Na kama alikuwa na maneno machache halafu yakapotea, kumbuka yalipotea lini, kabla ya kukimbia au baada. Hilo daktari atakuuliza. Dalili moja tu haitoshi kusema ni usonji. Zikiwa nyingi pamoja, usingoje.

Tuseme wazi juu ya lawama, maana ndizo zinazofungia watoto ndani. Mama anaambiwa alikosea mimba, au ukoo wa mume una laana, au amerogwa na waliobaki kijijini. Tusidhani ni sisi Waafrika tu. Huko Marekani na Ulaya, miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wakubwa waliandika kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Wamama wengi waliumia bure, maana baadaye ilionekana si kweli. Chanjo nazo zilisingiziwa. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza alichapisha utafiti ulioihusisha chanjo ya surua na usonji, na mwaka 2010 jarida lililouchapisha likaufuta. Kwa hiyo mpeleke mtoto akachanjwe. Surua katika kambi inaua.

Sasa njia yenyewe. Anza na VHT wa kijiji chako, yule anayepita na dawa za malaria. Mwambie unachokiona, kwa mifano, si kwa kusema tu "mtoto mgonjwa". Kisha nenda kituo cha afya ukaombe mambo mawili. La kwanza, masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa. La pili, kama mtoto anakakamaa, anaanguka, au anakodoa macho ghafla na kupotea kwa muda, liseme. Kifafa kinawapata watoto wenye usonji kuliko watoto wengine, na kifafa kina dawa. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuponya. Anayekuuzia chupa ya kuponya, au anayekutaka ulipe mbuzi ili mtoto aseme, anakula pesa yako.

Mganga wa kituo akiona inafaa, anaandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa Mbarara, ambako kuna idara ya watoto na ya afya ya akili. Hapa wengi wanakata tamaa. Foleni ni ndefu, nauli ni shida, na mara nyingine unarudishwa uje siku nyingine. Mama mmoja wa upande wa Rubondo alituambia kwamba alirudishwa mara tatu kwenye kituo kimoja, mara ya nne akaja na daftari. Alikuwa ameandikiwa na kijana wa jirani: tarehe, mtoto alifanya nini, alilala saa ngapi, alikula nini. Muuguzi alisoma kurasa mbili akaita mganga. Daftari la shilingi chache lilifanya kazi ambayo machozi hayakufanya. Nunueni daftari. Kila karatasi ya hospitali ibaki humo, hata ile iliyochanika.

Ukishapata karatasi ya daktari usiiweke sandukuni. Ipeleke kwa wafanyakazi wa ulinzi na huduma za jamii ili mtoto aandikwe kwenye faili ya familia kama mtu mwenye mahitaji maalum, wale tunaowaita PSN. Mwenyekiti wa RWC anaweza kukuelekeza siku na mahali wanapokaa. Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2023, chakula kilipoanza kugawanywa kwa makundi kulingana na hali ya familia, tumeona kitu ambacho hakimo kwenye faili kinahesabiwa kwamba hakipo. Kuandikwa hakukuhakikishii msaada, hasa sasa misaada ilivyopungua. Lakini kutoandikwa kunakuhakikishia kukosa.

Kuna maneno mawili yanayozunguka kambini. Moja linasema ukiandikisha mtoto mwenye ulemavu utapanda ndege kesho. Lingine linasema ukimwandikisha, kesi yako itaharibika, afadhali umfiche. Usonji si tiketi ya ndege. Na kuficha ndiko kunakoleta taabu, kwa sababu maelezo ya leo yakipishana na ya kesho, faili inasimama. Tena huduma hizi zote ni bure. Anayekuomba "kitu kidogo" ili akuandikie mtoto, mshitaki.

Shule? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua kwa sababu ya ulemavu. Sheria ipo, darasa nalo lina watoto mia na mwalimu mmoja. Sisi tunashauri uende kwa mwalimu mkuu kabla ya muhula kuanza, si siku ile ya vurugu. Omba mtoto akae mbele, karibu na ukuta, aanze kwa saa mbili tu, na ndugu yake awe darasa hilo ikiwezekana.

Wakati unangoja foleni hizo zote, mtoto anakua. Kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yanaweza kuongozwa na watu ambao si madaktari. Ulizeni wafanyakazi wa huduma za jamii kama yanaweza kuletwa kwenu. Wazazi kumi wakiuliza pamoja wanasikilizwa kuliko mmoja. Msingi wake si mgumu. Keti chini alipo mtoto, cheza anachocheza yeye, sema maneno mafupi: "Maji. Mwaga. Yamekwisha." Akitaka kikombe, kishike kidogo umpe nafasi ya kuomba, hata kwa kidole, kisha mpe mara moja. Kuvaa shati kufundishe kipande kwa kipande. Kabla ya kubadilisha jambo, mwonyeshe: beba jerikani mbele yake ndipo aelewe kwamba mnakwenda bombani. Akilipuka kwa kilio, mtoe penye kelele. Fimbo haimfundishi, inamwongezea hofu tu. Na wewe mama upumzike. Baba naye amshike mtoto jioni, si wa mama peke yake.

Tunajua kwa nini wengine wanawafunga kamba. Mama yuko shambani, mtoto anatoroka, na ziwa liko pale. Watoto hawa hutangatanga, na wengi wanavutwa na maji bila kuona hatari. Lakini kamba inakata ngozi, na nyumba ikishika moto mtoto haponi. Afadhali majirani watatu wapeane zamu. Weka komeo juu asikofika, funika shimo la maji, na akipotea tafuteni kwenye maji kwanza, ndipo mwende sokoni. Shona ndani ya nguo yake kitambaa chenye jina lake, zoni, kijiji, na neno "hasemi". Nawe jirani ukimkuta mtoto asiyejibu, usimfokee. Mfuate polepole, angalia kwenye ukosi wa shati, na mtume mtu akamwite mwenyekiti.