Mwandishi Hupata Wapi Wakati?

"Ningekuwa na wakati, ningeandika kitabu." Maneno haya nayasikia sana hapa Mombasa, na mara nyingi msemaji ni mtu mwenye jambo la kuandikwa kweli: nahodha mstaafu, mwalimu wa chuo, mama anayejua nyimbo za harusi ambazo binti zake hawazijui. Wengi hudhani mwandishi ni mtu asiye na kazi nyingine, aketiye akingoja fikra zimjie.

Hebu tumtazame Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mzee huyu alikuwa mtumishi wa serikali hadi alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Asubuhi yuko ofisini kama karani yeyote. Akirudi nyumbani ndipo hushika kalamu. Macho nayo yalimsumbua wakati wa joto, kwa hivyo miezi yake ya kuandika ilikuwa hasa Oktoba hadi Aprili. Yaani hata mwaka wenyewe hakuupata mzima, na bado aliacha riwaya zaidi ya thelathini. Mwaka 1994 alidungwa kisu shingoni, mkono wa kulia ukaathirika, akawa hawezi kuandika ila muda mfupi kwa siku. Akageukia visa vifupi vifupi.

Mwingereza Anthony Trollope, mfanyakazi wa Posta, alianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mezani, akijilazimisha maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe. Sisi tuna adhana, na ni bure.

Toni Morrison wa Marekani alilea wanawe wawili peke yake huku ameajiriwa kwa wachapishaji. Aliandika kabla hapajapambazuka, kwani watoto wakiamka wakati si wake tena. Na mwenzetu wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni.

Sikubaliani na wanaosema alfajiri ndiyo saa bora kwa kila mtu. Mlinzi wa usiku saa hiyo anataka kulala. Ninachokiona kwa hawa wote ni kwamba kila mmoja aliujua upenyo wake katika siku na hakuuachia. Wangu ni baada ya swala ya alfajiri, kama dakika arubaini, simu ikiwa chumba cha pili. Ramadhani nahamia baada ya tarawehe.

Wazee wenye habari za majahazi na za mitaa yetu wanapungua, kila mwaka tunawazika. Yule nahodha ambaye vidole vyake havishiki tena kalamu, mjukuu na amrekodi kwa simu baada ya alasiri, kwenye kahawa, kisha usiku ayaandike aliyoyasikia. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha kuanzia.