Hisabati Kwenye Ncha ya Sindano

Aliyewahi kufuma vitambaa vya makochi anajua kwamba ukiongeza vitanzi kupita kiasi, kitambaa hakilali. Ukingo unapanda na kushuka kama jani la sukuma wiki, na mtoto anayejifunza huambiwa afumue aanze upya. Mwaka 1997 mkunjo huohuo uliwaondolea wanahisabati kero ya kazini ambayo karatasi na gundi vilishindwa kuimaliza.

Kero yenyewe ni hii. Katika jiometri ya shuleni, ukichora mstari mnyoofu na kuweka nukta kando yake, ni mstari mmoja tu unaoweza kupita kwenye nukta hiyo bila kukutana kamwe na ule wa kwanza. Katika karne ya 19, Nikolai Lobachevsky wa Urusi na János Bolyai wa Hungaria walionyesha, kila mmoja kivyake, kwamba ipo jiometri nyingine ambamo mistari ya namna hiyo haina idadi, na pembe za pembetatu zikijumlishwa hazifiki nyuzi 180. Huitwa jiometri ya haipaboli. Kwa hesabu inakubali. Kuiona kwa macho ndiyo kazi, maana uso wake hutanuka upesi mno kadiri unavyotoka nje, hata ukakosa nafasi ya kulala bapa.

William Thurston, mmoja wa wanajiometri wakubwa wa karne ya 20, alibuni namna ya kuunda uso huo kwa vipande vya karatasi vilivyogundishwa. Lakini karatasi ni karatasi: ikishikwashikwa inachanika. Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipoona kielelezo cha aina hiyo kwenye warsha, akawaza uzi. Kufuma alikujua tangu utotoni.

Alianza na ufumaji wa sweta, ule wa sindano mbili, akakwama. Katika ufumaji huo vitanzi vyote vya mstari hubaki wazi juu ya sindano, na vikishakuwa vingi havibebeki. Akahamia kwenye kroshia, yenye sindano moja ya ncha ya ndoana, ambako kila kitanzi hufungwa kabla ya kwenda kwenye kinachofuata. Kanuni yake ni fupi: ongezeko lisibadilike. Kila vitanzi vitano vya mstari wa chini vikizaa sita, vitanzi 20 vya kuanzia vitakuwa vimepita 700 ufikapo mstari wa 20. Kwangu mimi, uzito wa kisa hiki uko hapa. Nadharia ilimwambia uso utanuke kwa kasi gani, lakini haikumwambia ashike sindano ipi. Hilo ni mtu aliyekwisha kufuma tu angeligundua upesi namna hiyo.

Kitambaa kilichopatikana kinashikika, kinakunjika, hakichaniki. Ukikikunja, mkunjo unakuwa mstari mnyoofu, nawe unaushonea uzi wa rangi. Chagua nukta kando yake, kunja tena na tena kupitia hapo, na mwanafunzi ataona mistari mitatu, minne, ikipita kwenye nukta moja bila hata mmoja kuugusa ule wa kwanza. Kitabu alichoandika Taimina juu ya kazi hii kilipata Tuzo ya Kitabu ya Euler mwaka 2012. Tena umbo hilo si geni kwetu watu wa pwani: baadhi ya mwani na matumbawe yana kingo za mkunjo huohuo, unaoyapa eneo kubwa la kugusana na maji.

Wala si hisabati peke yake inayofaidika na mikono ya wafumaji. Huko La Paz, Bolivia, mji ulio mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ufumaji umeingia hadi moyoni. Kabla ya kuzaliwa, mtoto huwa na mrija unaounganisha mishipa mikubwa miwili karibu na moyo. Akishazaliwa hutakiwa uzibe wenyewe. Kwenye miinuko yenye oksijeni haba, mara nyingi zaidi hauzibi. Daktari Franz Freudenthal alibuni kizibo cha waya mwembamba wa nikeli na titani, unaokumbuka umbo lake: unakunjwa, unapitishwa ndani ya mshipa, ukifika unajikunjua. Wanaofuma vizibo hivyo kwa mikono ni wanawake wa Kiaymara, watu ambao kufuma na kusuka ni urithi wao wa kale.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wazazi: msiwaachie kazi za mikono wale tu walioonekana kushindwa masomo. Mwalimu wa hisabati wa sekondari anaweza kuanza wiki hii. Anahitaji uzi wa bei ndogo, sindano ya kroshia na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa kufuma na bibi yake. Huyo mwanafunzi awe mwalimu wa kipindi hicho. Aanze na vitanzi 20, kila vitano vizae sita, na asifumue ukingo utakapoanza kujikunja.